Njuga na Kengele: Sauti Ndogo katika Bonde la Kilombero

Kila mwaka inapofika Desemba, spika za madukani hapa Ifakara hupiga wimbo mmoja wa Kiingereza ambao watoto wetu wanaujua hata kabla ya kujua kusoma. Wanauimba njiani wakitoka sokoni, wanauimba wakisubiri mazoezi ya igizo la Noeli. Ukimwuliza mtoto maana ya *jingle bells*, atakuambia ni kengele za Krismasi. Ukimwuliza katekista, naye pengine atajibu hivyohivyo. Sisi pia tulijibu hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja tulipoulizwa na watoto wa mafundisho kengele hizo zinaning'inizwa wapi kanisani. Tukaona ni vema kutafuta jibu la kweli.

Jibu ni kwamba kengele hizo hazikuwa za kanisani, wala wimbo wenyewe hautaji Noeli hata mahali pamoja. Uliandikwa na Mmarekani James Pierpont, ukachapishwa Boston mwaka 1857 kwa jina jingine kabisa, jina la kigari cha farasi mmoja cha kuteleza juu ya theluji. Katika nchi za baridi kigari hicho hakina magurudumu, na kwato za farasi hazisikiki kwenye theluji. Anayetembea barabarani anaweza kugongwa bila kusikia kitu. Kwa hiyo farasi alivishwa mkanda wenye vikengele vingi vya mviringo, ili kila anapopiga hatua watu wajue kuna anayekuja, wapishe. Hiyo ndiyo maana ya jina lile la Kiingereza: kengele ndogo zinazolia kwa sababu mwenye kuzivaa anatembea.

Tulipofika hapo tulicheka, maana kumbe Kiswahili kina neno lake, tena la siku nyingi. Ni njuga.

Njuga si kengele tu

Kamusi ya A. C. Madan, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar, iliyotoka mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zote zinaieleza njuga kuwa kengele ndogo ya pambo, ya kuvaliwa na wacheza ngoma. Wazee wetu hawakuhitaji kamusi. Kengele ina mdomo wazi na ulimi unaoning'inia ndani yake. Mtu huishika mkononi au huivuta kwa kamba, naye mwenyewe amesimama palepale. Njuga imefumbwa. Ni kijiganda cha chuma au shaba chenye ufa mwembamba, na ndani kuna kipande kidogo cha chuma au kijiwe kinachozunguka. Hakuna anayeipiga njuga. Unaifunga mguuni, kisha unakanyaga ardhi. Ukisimama, nayo inanyamaza.

Kutokana na hilo Kiswahili kimepata msemo unaosikika kila siku redioni na magazetini: kulivalia njuga jambo. Waziri amelivalia njuga suala la maji, mwenyekiti wa kijiji amevalia njuga utoro wa wanafunzi. Watu wanausema bila kukumbuka ngoma, lakini ngoma imo ndani yake. Aliyeketi hana haja ya njuga. Anayezifunga ametangaza mbele ya watu wote kwamba anaingia uwanjani, na akilegea sauti yake itapungua, kila mtu asikie. Kulivalia njuga jambo ni kukubali kusikika ukilifanya, na kusikika pia ukiliacha.

Njuga katika Maandiko

Waliofasiri Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, walilitumia neno hili mahali patatu ambapo msomaji wa haraka hupita bila kuona ajabu.

Pa kwanza ni Kutoka 28:33–35. Mungu anaagiza vazi la Haruni kuhani, na katika upindo wake pawe na mfano wa makomamanga na njuga za dhahabu, kwa zamu, kuzunguka pande zote. Sauti yake isikike anapoingia patakatifu na anapotoka, asije akafa. Katika Kiebrania, neno linalotumika hapo limetoka katika mzizi wenye maana ya kupiga, na pia hatua ya mguu. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 45 aya ya 9, anaongeza kwamba mlio huo wa hatua za Haruni ulikuwa ukumbusho kwa watu wake. Yaani watu waliobaki nje, wasiomwona kuhani, walimsikia akitembea mbele za Mungu kwa ajili yao.

Pa pili ni Isaya 3:16–18. Hapo njuga ziko miguuni mwa wanawake wa Yerusalemu wanaotembea kwa maringo, na nabii anasema Bwana ataziondoa. Mashtaka yake hayahusu chuma. Ukisoma aya zilizotangulia utaona Mungu anawahukumu wazee na wakuu kwa sababu vitu walivyowanyang'anya maskini vimo nyumbani mwao. Njuga za Isaya zinalia juu ya mali ya dhuluma.

Pa tatu ni Zekaria 14:20. Nabii anaiona siku ambayo njuga za farasi zitaandikwa maneno yaleyale ya kumtakatifuzia Bwana yaliyoandikwa kwenye kilemba cha kuhani mkuu, na vyungu vya kawaida vitakuwa vitakatifu kama mabakuli ya altareni. Kwa Kiebrania hili ni neno jingine, ndugu wa neno la matoazi. Lakini Mswahili anasikia neno moja mahali pote patatu: njuga ya kuhani, njuga ya mwenye maringo, njuga ya mnyama. Chombo ni kilekile. Kinachobadilika ni anayekivaa, na anakoelekea.

Tuyaweke haya moyoni, maana historia ya bonde letu imepita katika njuga zote tatu.

Kengele ilipofika bondeni

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misioni ya Kwiro, huko Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye vita vya Maji Maji vilifika. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani katika nchi ya Liwale, na tarehe 30 mwezi huohuo boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa. Baada ya vita ikaja njaa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondoka, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakachukua kazi hii pamoja na Masista wa Baldegg.

Kengele ya misioni ilikuwa kitu kipya katika maisha ya Wandamba, Wapogoro na Wambunga. Iligawa siku: asubuhi, mchana na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na katikati yake shule na kazi. Vigangoni hapakuwa na kengele ya shaba. Palitundikwa kipande cha reli au ringi ya gari kwenye mwembe, na katekista aliigonga kwa chuma. Vipo vigango vinavyofanya hivyo hadi leo. Lakini wakati wa mpunga watu huhamia mashambani ng'ambo ya maji, wakakaa kwenye madungu wakilinda ndege, na huko mlio wa ringi haufiki. Mkulima wa bonde alijifunza mapema kwamba kengele iliyotundikwa ina mpaka wake.

Ndani ya kanisa palikuwa na kengele nyingine, ndogo, mkononi mwa mtumikiaji. Desturi ya kumwinulia watu Mwili wa Bwana baada ya maneno ya mageuzo ilienea Ulaya katika karne ya 13, na kengele ikaja pamoja nayo, ili hata aliye nyuma ya nguzo ajue kwamba wakati umefika. Huku kwetu ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Misa ilisomwa kwa Kilatini, padri ameelekea altare, maneno mengine kwa sauti ya chini. Bibi aliyetoka shambani hakujua Kilatini. Alisali rozari yake huku sikio lake likiingoja ile kengele. Ilipolia aliinamisha kichwa, na ilipolia tena aliinua macho. Kwa watu wa vizazi viwili hivi, kengele ndogo ndiyo iliyowatafsiria Misa.

Njuga je? Njuga zilibaki nje. Ziliambatana na ngoma, na ngoma iliambatana na mambo ambayo wamisionari wengi waliyaogopa: unyago, matambiko, uganga, pombe, mikesha. Tusiwaseme vibaya kupita kiasi. Waliingia katika nchi iliyokuwa imepoteza watu wengi kwa vita, na ngoma ya usiku mgeni hawezi kuipambanua, kama ni ya harusi au ni ya jambo jingine. Tena hata Isaya hakuzipenda njuga zote. Lakini tuseme pia kilichotokea. Mkristo mwingi aliishi kwa masikio mawili: Jumapili asubuhi sikio la kengele, jioni sikio la njuga, na hakuna aliyemwambia jinsi ya kuyaunganisha.

Wako waliojaribu mapema. Kule Masasi, kwa ndugu zetu Waanglikana, Vincent Lucas alianza mnamo 1913 kuutia jando katika sala za Kikristo badala ya kuufuta. Kwa upande wetu Wakatoliki, padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, aliandika kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikachapishwa Uswisi mwaka 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio kuhusu Liturjia. Namba 119 inasema mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima inayostahili. Namba 120, baada ya kusifu kinanda kikubwa, inakubali vyombo vingine, mradi vifae kwa matumizi matakatifu au viweze kufanywa vifae, vilingane na heshima ya hekalu, na viwajenge waamini. Mwaka uliofuata, 1964, likazaliwa Jimbo la Mahenge.

Hivyo ngoma ikaingia kanisani, na kayamba, na manyanga, na hatimaye njuga, hasa wakati wa kupeleka vipaji. Wazee wengine walitikisa kichwa, wengine walilia machozi ya furaha. Kengele ya mtumikiaji nayo haikuondoka. Mwongozo wa Misa unasema inaweza kupigwa muda mfupi kabla ya mageuzo na wakati wa kuinua, kwa kadiri ya desturi ya mahali. Sasa Misa iko kwa Kiswahili na kila mtu anaelewa maneno, lakini bado kengele ikilia kanisa zima hunyamaza.

Njuga za ng'ombe

Tungeweza kumaliza hapo na kumshukuru Mungu kwa utamadunisho. Lakini bonde letu limesikia njuga nyingine tena, na hizo zimetuuma.

Kwa miaka mingi sasa wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia Kilombero na mifugo yao. Walikuja kutafuta majani na maji, jambo ambalo Abrahamu na Lutu wangelielewa, pamoja na ugomvi wake. Bonde hili ni ardhi oevu yenye thamani ya kimataifa. Liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, karibu hekta laki nane. Mpunga, samaki, wanyama wa porini na ng'ombe wote wanaitegemea ardhi ileile. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Mwaka huohuo, tarehe 14 Januari, lilikuwa limeundwa Jimbo letu la Ifakara. Kwa hiyo jimbo lilianza maisha yake katikati ya jeraha hilo, na wakulima na wafugaji wakiketi kwenye mabenchi yaleyale.

Ng'ombe kiongozi huvishwa kengele shingoni. Kwa mfugaji ni sauti ya amani: kundi lipo, halijapotea. Kwa mkulima aliyelala kwenye dungu mlio huo alfajiri maana yake ni kwamba mpunga wa miezi mitano unaliwa. Sauti ni moja, na masikio mawili ya Wakristo wawili yanasikia habari mbili.

Katika kigango chetu mabinti wa familia za wafugaji waliomba kucheza wakati wa matoleo wakiwa wamevaa njuga, kama walivyozoea nyumbani kwao. Mzee mmoja mkulima, mtu mpole, alisimama kwenye kikao akasema, "Baba Paroko, utusamehe. Mlio huo sisi tunaujua. Ukiusikia, shamba limekwisha. Leo tuusikie na kanisani?"

Mama mmoja wa wale mabinti akajibu kwa upole, "Shikamoo baba yangu. Hizi si za ng'ombe, ni za miguu ya watoto. Lakini nimekuelewa."

Kikao kilikuwa kirefu. Wengine walisema njuga zipigwe marufuku, wengine walisema kukataza ni ubaguzi. Katekista ndiye aliyetukumbusha kwamba tunazungumzia matoleo, na juu ya matoleo Bwana Yesu alikwisha kusema neno katika Mathayo 5:23–24: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya altare, uende ukapatane naye kwanza. Wakati ule palikuwa na shamba la mjane mmoja lililoliwa na ng'ombe, na fidia ilikuwa haijatolewa. Maneno yalikuwa yanazunguka tu. Ikaamuliwa kwamba mabinti wacheze, lakini bila njuga, mpaka jambo la mjane liishe.

Jumapili tatu walicheza hivyo. Miguu ilikanyaga sakafu na hapakuwa na mlio. Hatukujua kabla ya hapo kwamba kukosekana kwa sauti ndogo kunaweza kulijaza kanisa. Wafugaji walisikia kimya kile, na wakulima pia. Wiki ya nne magunia ya mpunga yalipelekwa kwa mjane, yakahesabiwa mbele ya viongozi wa jumuiya zote mbili. Jumapili iliyofuata mabinti walifunga njuga.

Hatusemi ugomvi wa bonde uliisha. Haukuisha. Yule mzee bado huketi karibu na mlango, na njuga zinapolia huangalia chini. Lakini haondoki. Na sisi tulijifunza siku ile tofauti kati ya njuga za Isaya na njuga za Haruni. Mpunga wa mjane ukiwa bado haujalipwa, mlio ni wa maringo hata kama unaelekea altareni. Ukishalipwa, mlio uleule unakuwa ukumbusho kwa watu. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho jambo hilihili: bila upendo, mtu ni chuma kinachopiga kelele tu.

Sauti ya anayekuja

Mwaka una usiku mmoja unaotufundisha haya yote. Alhamisi Kuu, unapoimbwa Utukufu, kengele zote hupigwa, kubwa na ndogo. Baada ya hapo zinanyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Watoto huuliza kwa nini. Tunawaambia: Kuhani wetu ameingia patakatifu, nasi tuko nje tunasikiliza kama atatoka hai. Usiku wa Pasaka Utukufu unapoimbwa tena, kengele zinalia, na siku hizi katika vigango vyetu njuga zinalia pamoja nazo. Ametoka hai.

Basi wimbo wa madukani Desemba hautusumbui tena. Watoto wakiuimba tunawaambia kwamba hizo ni njuga za farasi, zilizovishwa ili watembea kwa miguu wasidhurike na anayekuja kwa kasi. Hiyo nayo ni kazi njema: mwenye nguvu kumtahadharisha asiye na nguvu. Kisha tunawaambia kwamba nabii Zekaria aliziona njuga kama hizo zimeandikwa jina la Bwana, na kwamba tunaiomba siku hiyo ifike hapa kwetu pia, ambapo hata kengele iliyo shingoni mwa ng'ombe itasikika alfajiri na mkulima aliye kwenye dungu asiruke kwa hofu.

Mpaka siku hiyo ifike, amani ya bonde hili ni jambo la kuvalia njuga. Na aliyezifunga asisimame.